OLED, QLED au LED ya kawaida: kwa matumizi yetu ipi inalipa?

Wakuu, hii hoja kwamba OLED ndo TV na zingine zote takataka mimi siikubali. Sio kwamba OLED ni mbaya, ila tunashindanisha vioo bila kuulizana TV itakaa wapi na itawashwa masaa mangapi kwa siku.

Kwanza tuwekane sawa maana madukani watu wanapigwa. Hiyo inayoitwa LED TV ni LCD ileile, kioo hakitoi mwanga chenyewe, nyuma yake kuna taa za LED ndo zinamulika. QLED nayo ni hivyohivyo, wameongeza tabaka la chembe ndogo sana zinazokoleza rangi, Samsung wakaanza kuuza kwa jina hilo 2017, sasa mtu akiona herufi zinafanana na OLED anajua ni kitu kimoja. Sio kimoja. OLED kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, inawaka yenyewe na ikitakiwa nyeusi inazimika kabisa, ndo maana filamu yenye giza ukiiangalia taa za sebuleni umezima hakuna LCD inayoigusa, na hata aliyekaa pembeni haoni picha imepauka. Hapo nawapa haki yao.

Sasa twende kwenye kibanda umiza, banda la kulipia kuangalia mpira. TV inawashwa toka mchana mpaka usiku, wikiendi mechi juu ya mechi, nembo ya chaneli kona ileile, ubao wa magoli palepale. Pikseli za OLED zinachakaa kadiri zinavyowaka, na zile zilizobeba nembo hazichakai sawa na za jirani, mwisho wa siku unabaki na kivuli cha nembo hata ukihamia chaneli nyingine na hakifutiki. TV za zamani za plasma nazo zilikuwa na ugonjwa huohuo wa kivuli. Najua mtasema za siku hizi zina kinga, kweli zinasogeza picha kidogokidogo na kufifisha nembo, ila hiyo inachelewesha tu. Anayeangalia filamu na tamthilia tofautitofauti nyumbani asiogope sana, mwenye banda aogope.

Halafu kuna suala la fundi, na hili naona mnalipita kimyakimya. LCD taa za nyuma zikifa unasikia sauti picha huoni, fundi anafungua anabadilisha stripu za taa, unaendelea. OLED kioo kikishaungua ni kununua kioo kizima, na bei yake si ajabu ikakaribia TV mpya.

Mwanga pia. Sebule nyingi za huku mlango wazi, madirisha makubwa, jua linaingia mpaka ndani, na hapo LCD nzuri, hasa za mini-LED, zinawaka kuliko OLED nyingi. Hizo mini-LED zina taa ndogondogo nyingi zinazozimwa kwa mafungu, kwa hiyo weusi wake unaridhisha, ingawa maandishi meupe kwenye giza bado utaona ukungu unayazunguka. LCD za bei ya chini kabisa ndo sizitetei, weusi wake ni kijivu.

Wanaotetea OLED naomba mnijibu hili: mwenye banda anayeonyesha mpira kila siku, na hela yake ni ya kuungaunga, mnamshauri aichukue kwa hoja gani?