Ameita sini za Ngome "vigae vya jaani" mbele ya watoto!

BintiMatumbawe (mwenye uzi)

Nimetoka Ngomeni sasa hivi, Fort Jesus ya Mombasa, hata buibui sijavua, mikono yatetemeka. Simtaji. Mnamjua. Yule wa "mimi nimesoma". Mji mzima wamjua, na mbuzi wa mji wamjua.

Nimewapeleka watoto watatu wa kaka yangu. Nimewasimamisha mbele ya kabati la kioo, nawaonyesha bakuli la sini, nawaambia watu wa Gedi, mji wa kale ulio magofu karibu na Malindi, walikula kwenye vyombo vya Uchina kabla Mreno hajaonekana baharini. Watoto kimya. KIMYA, mara ya kwanza tangu wazaliwe. Akapita nyuma yangu atafuna njugu, akasema kwa sauti ya mnadani: "Vigae vya jaani hivi. Bibi yangu ana vizima kabatini."

Vigae. Vya. Jaani.

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini!

James Kirkman, mwanaakiolojia, alichimba Gedi tangu 1948 hadi 1958, jua la Pwani kichwani, ndipo akahamia Ngomeni. Ngome yenyewe ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, imekuwa makumbusho 1962. Kuna vyombo vya Manda, vya Ungwana, miji ya kale ya Pwani. Kuna vitu vya merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja kutoka Goa kuwaokoa wenzao waliozingirwa, ikazama hapo chini ya Ngome 1697. Wapiga mbizi wamehangaika nayo 1977 hadi 1980. Watu wamezama baharini kutuletea vitu hivi! Na yeye na njugu zake, "vigae vya jaani".

Kwenye tuktuk mdogo wao akaniuliza: "Shangazi, kwa nini tumelipa kuona takataka?" Chakula hakipiti leo.

mzee_wa_bao

Pole binti yangu. Huyo alinikuta barazani akanifundisha kucheza bao. Mimi. Nimecheza bao tangu babake hajaoa.

KidotoTu

Pole dada, lakini si kweli vilitoka jaani? Wachimbaji hupenda jaa kuliko msikiti. Sahani ikivunjika yatupwa, yafunikwa na taka nyingine, na kwa kigae wajua tabaka lile ni la karne gani. Bwana kasema kweli 😂

BintiMatumbawe

NAJUA vilitoka jaani! Vingine vilitoka makaburini na vingine majumbani, lakini NAJUA! Jaa la miaka mia sita si jaa la nyuma ya soko! Gedi kuna kaburi lina tarehe, 802 Hijria, yaani 1399, wewe wakati huo ulikuwa wapi? Hata kama ni jaa, si kwa sauti ile. Si mbele ya watoto. Si na njugu mdomoni.

KidotoTu

Kwa hiyo shida ni njugu.

pwani_asilia

Huyo ni nafuu. Nimekwenda Gedi nikakuta mtu amekwaruza jina lake na la mchumba wake ukutani. Kuta za matumbawe na chokaa zimesimama karne zote hizo, yeye na msumari.

mwana_wa_seremala

Mwaongea kuta. Ami yangu amekata mlango wa nakshi wa babu akafanya banda la kuku. Maua yote yale yaliyochongwa kwa mkono, jogoo ndiye anayeyatazama. Niliposema nikaambiwa kuku nao ni viumbe.

KidotoTu

Banda bado lipo? Nauliza tu. Nina kuku.

mwana_wa_seremala

Toka hapa.

BintiMatumbawe

Jamani, uzi ni wa bakuli. Alisema VIGAE VYA JAANI. Kijana mkubwa sasa aziita hivyo sahani zangu za jikoni.

Mama_Wawili

Dada yangu, kwenye sahani umenigusa donda. Marehemu bibi alituachia sahani sita za sini, za buluu, zilikuwa zimepangwa kwenye vidaka vya ukumbini tangu sijazaliwa. Mtu akaja kuziazima kwa harusi, siku mbili tu, mamangu. Mwaka wa nne huu. Nikimuuliza aniambia zipo, zimehifadhiwa vizuri, yeye amesoma.

mzee_wa_bao

Amesoma?

pwani_asilia

Subiri. Atafuna njugu?

Mama_Wawili

Daima. Maganda mpaka mlangoni kwangu.

mwana_wa_seremala

"Bibi yangu ana vizima kabatini." Someni tena juu huko.

Mama_Wawili

WALLAHI NAVAA BUIBUI.