Nondo wachache kwenye shuka, tatizo taa?

Wakuu, kikundi chetu Muheza kinarekodi nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo, kila mwezi kule milimani Amani. Tunawasha taa mbele ya shuka, nao wanakuja kutua. Masika walijaa shuka, Juni wamekuja wachache mno. Tubadili taa?

Jibu: Angalieni mwezi kwanza. Mbalamwezi hufifisha taa. Chagueni usiku wa giza, wenye mawingu, usio na upepo. Halafu Juni ni kipupwe, Amani kuna baridi, nondo hawaruki sana. Hesabu ndogo nayo iandikeni! Bila hiyo hamtaujua msimu.

Jibu: Taa pia. LED nyeupe ya kawaida karibu haina urujuanimno, yaani mwanga ambao macho yetu hayauoni, na ndio unaowavuta nondo zaidi. Tafuteni taa ya urujuanimno, msiikodolee macho.

Jibu: Picha ziwe na rula pembeni, pamoja na tarehe, saa na mwinuko. Taa izimwe kabla ya alfajiri, ndege wasiwamalize.