Mnaoskani filamu: acheni kusingizia mkanda, chenga mnazitia nyinyi!

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Wiki ya pili hii nikifungua zile picha roho inaniuma.

Mwezi uliopita nilikwenda Pangani kumpiga picha bibi yangu mzaa mama. Umri umekwenda, na safari ya pili sijui nitaipata lini. Nilibeba mikanda mitatu ya Portra 400, filamu ya rangi ya Kodak (400 ndiyo ISO yake, namba ya wepesi wa kuhisi mwanga), nikaipiga kama ISO 200 kwa makusudi ili ipate mwanga mara mbili, mita ya mwanga mkononi, napima upande wa shavu lake ulio kivulini. Picha 108. Nikarudi Dar nikapeleka kwenye sehemu moja wanakosafisha na kuskani. Jina silitaji, wenyewe wanajijua.

Nililetewa uchafu. Uso wa bibi umejaa chenga, vile vidoadoa vya filamu, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Mikunjo ya ngozi imenolewa, yaani imeongezwa makali kwa mashine, mpaka ina kingo nyeupe. Nilipouliza, kijana wa kaunta akanijibu: "Kaka, filamu ya 400 ndivyo ilivyo. Siku nyingine chukua namba ndogo."

Nikadai negativu zangu, yaani mikanda yenyewe iliyosafishwa. Wakashangaa, eti wateja wengi hawazichukui! Nikapewa za mikanda miwili, wa tatu "unatafutwa". Nilipofika nyumbani nikaziweka juu ya kioo chenye taa, rafiki yangu akaja na kamera yake ya dijitali na lenzi ya kupigia vitu vidogo, tukazipiga moja moja na kuzigeuza kwenye kompyuta. Picha ileile, negativu ileile. Kwenye yao, maandishi ya kanga ya bibi ni ukungu mtupu. Kwenye yetu unasoma herufi kwa herufi: WEMA HAUOZI. Ngozi imetulia, chenga mpaka uzitafute.

Sasa mkanda una kosa gani hapo?

Nilipofungua taarifa za faili lao ndipo nilipopandwa na hasira zaidi. Nililipia ubora wa juu, nikapewa pikseli 1,800 kwa 1,200. Hiyo ni kama milioni 2 tu. Fremu ya milimita 24 kwa 36 ukiiskani kwa nukta 2,400 kwa inchi unapata zaidi ya milioni 7. Halafu wamebana kwenye JPEG na kuacha mashine inoe yenyewe. Mashine haijui kipi ni kope na kipi ni chenga, inanoa vyote. Na ukiskani kwa nukta chache, chembe ndogo ambazo mashine haiwezi kuzitenganisha hujumlishana zikaonekana kubwa kuliko zilivyo kwenye mkanda wenyewe. Huo ndio uchafu ninaoambiwa ni tabia ya 400.

Na hili la "chukua namba ndogo" limenichosha, maana hata humu jukwaani linarudiwa kila siku. Kodak wana kipimo wanachokiita Print Grain Index, kinachoonyesha jicho litaona chenga kiasi gani kwenye picha iliyochapwa. 25 ndiyo mahali jicho linapoanza kuziona. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6 kutoka mkanda wa milimita 35, filamu zao za rangi ziko hivi: Ektar 100 iko chini ya 25, Portra 160 ni 28, Portra 400 ni 37. Gold 200 ni 44! UltraMax 400 ni 46. Mtu anayekwambia uache Portra 400 ununue Gold 200 ili upunguze chenga anakuongezea. Gold naipenda kwa rangi zake, lakini tusidanganyane.

Kuna wengine watakuja na "nunua Ektar, yamekwisha". Ektar ni laini kweli, tangu ilipotoka 2008 sijaona ya rangi inayoishinda. Lakini haisamehe. Ukiinyima mwanga kidogo tu, vivuli vinageuka bluu, na nyuso zinaelekea wekundu. Kwa bahari, majahazi na kuta za mji mkongwe juani, ichukue bila kusita. Kwa bibi aliyekaa barazani saa kumi na moja jioni, hapana. Hapo nataka Portra, 160 ukiwa na mwanga, 400 ukiwa huna, na uipe stopu moja ya ziada, yaani mwanga mara mbili.

Stopu hiyo ndiyo mafundi wengi hawaielezi. Kwenye filamu ya rangi, fedha yote huondolewa wakati wa kusafisha, na kinachobaki ni vijiwingu vya rangi. Mwanga ukitosha, vijiwingu vinakuwa vingi na kufunikana, jicho linaona laini. Mwanga ukipungua, vinabaki vichache vimetawanyika, halafu skana inalazimika kuunyanyua ule weusi, na hapo ndipo chenga zinapofumuka. Huku pwani tunaumia zaidi: kamera inaona mchanga mweupe na anga inayong'aa, inabana mwanga, na uso mweusi wa mtu wako unabaki negativu iliyopauka, nyepesi kama karatasi ya sigara. Pimeni usoni. Achaneni na mita ya kamera mkiwa ufukweni.

Na nyie wauzaji, mikanda kukaa kwenye kabati la kioo inapigwa na jua la Dar toka Januari ni kuua mali. Joto linaiunguza polepole, rangi zinapwaya, chenga zinaongezeka hata kabla mtu hajaiweka kwenye kamera. Friji ndogo haiwashindi.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Anayejua sehemu, Dar au Mombasa, wanaoskani kwa TIFF ya biti 16 (faili lisilopoteza ubora kama JPEG), bila kunoa, nukta 3,000 kwenda juu, na wanarudisha negativu zote bila kubembelezwa, aandike hapa chini. Nitalipa hata mara mbili.

Mkanda wangu wa tatu bado uko kwao. Ndimo ilimo picha pekee ya bibi akicheka. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni, na siondoki bila huo mkanda.