Wakuu, bango niandike TO LET au TO BE LET? Penseli nishapiga, bado rangi

Fundi Brashi, Ngamiani
Habari zenu wakuu. Mimi naandika mabango na magari hapa Ngamiani Tanga, sasa kuna mzee ana nyumba yake Raskazone anataka ipangwe na wageni, kanipa karatasi imeandikwa HOUSE TO LET. Nishapiga mistari yote kwa penseli kaja mpwa wake yuko chuo anasema hapana hayo ni makosa, nyumba haipangishi mtu, yenyewe ndo inapangishwa, kwahiyo iwe TO BE LET kauli ya kutendwa. Nikaona ana hoja maana hata sisi ukutani tunaandika NYUMBA HII HAIUZWI, hatuandiki haiuzi. Mzee nae hataki kusikia, anasema TO LET kaiona toka ujana wake. Rangi ya mafuta ikishakauka kwenye bati kuifuta ni shughuli. Naomba anayejua kweli anieleze na sababu yake, maana kazi za kiingereza zinakuja sana siku hizi.

Ticha wa Chumbageni
Mzee yuko sawa fundi, piga TO LET. Na huyo kijana usimdharau, kauliza swali zuri, ila kalichukulia kama hesabu.

Iko hivi. Kiingereza cha kale kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi kitenzi chenye "to" hakikuwa na kawaida ya kutenganisha kutenda na kutendwa, umbo lilelile moja lilibeba maana zote mbili na msikilizaji anaelewa mwenyewe. Hii ya kuweka "to be" ndo ikaja kukomaa baadae, lakini maneno machache yakabaki na sura ya zamani. "To let" ni mojawapo. Lingine ni "to blame", "the driver is to blame", yani dereva ndo wa kulaumiwa, wala halaumu mtu.

Na kabla hatujawashangaa wao tujiangalie sisi. Tunasema maji ya kunywa. Maji yanamnywa nani? Mbona hatusemi maji ya kunywewa? Samaki wa kukaanga, nguo za kufua, chumba cha kupanga, zote hizo ni kauli ya kutenda na hakuna anayechanganyikiwa, maana kila mtu anajua mnywaji ni mtu. Hapohapo tunasema "mtoto hapendi kuchekwa", hapo ukiondoa hiyo w maana inageuka kabisa. Kiingereza nacho hivyohivyo, "he doesn't like to laugh" na "he doesn't like to be laughed at" ni watu wawili tofauti. Mimi wanafunzi wangu nawaanzishia hapa kwenye maji ya kunywa, wakishaiona kwenye lugha yao woga unaisha.

Binti Dunda
Ticha asante, mi niko Bagamoyo nafanya kazi mapokezi kwenye gesti, hii kitu ilishanitesa. Maji yalikatika mtaa mzima, mgeni akauliza inakuwaje nikamwambia "there is nothing to do", nikimaanisha hakuna la kufanya tusubiri. Yeye akaanza kuniambia mbona yuko sawa tu, jana kaenda magofu ya Kaole leo anataka kwenda kuona majahazi, akadhani namwambia hapa Bagamoyo pamepooza hakuna cha kufanya!! Baadae ndo nikaelekezwa kumbe ilitakiwa "nothing to be done", hiyo ndo haina dawa. Sentensi mbili zinafanana na zote sahihi ila kila moja na lake.

Ticha wa Chumbageni
Dada umetoa mfano mzuri kuliko wangu. Hapo huwezi kubadilishana. Ila kwenye "there are rooms to clean" na "there are rooms to be cleaned" zote zinakubalika, ya kwanza unamuwaza mtu wa kufanya usafi, ya pili unaviwaza vyumba. Ukianza na "I have" basi wewe ndo mfanyaji, "I have six rooms to clean", weka ya kutenda.

Fundi Brashi, Ngamiani
Ticha nimekupata. Sasa kuna mwingine ana godauni la kuuza, nae nimpigie GODOWN TO SELL?

Ticha wa Chumbageni
Hapana fundi, usijaribu. Nilisema yamebaki MACHACHE. "Sell" haimo, kwenye bango andika FOR SALE. Ukitaka sentensi nzima ni "the godown is to be sold", hapo ukisema "is to sell" inakuwa godauni ndo litauza. Vilevile nguo, "these clothes are to be washed", sio "are to wash". Ila baada ya "easy" na "hard" unarudi kwenye kutenda, "easy to read", wengi hapa wanaandika "easy to be read" na mimi nasahihisha kila mwaka.

Fundi Brashi, Ngamiani
Nashukuru sana ticha, na dada wa Bagamoyo pia. Mpwa nimempigia nimemsomea ile ya maji ya kunywa, kanyamaza kidogo akasema sawa. Napiga TO LET nyekundu juu, chini yake NYUMBA INAPANGISHWA kwa nyeusi na namba ya mzee, kesho asubuhi linapanda ukutani.