Naomba ushauri: tairi za Impreza STI kwa barabara za Mbeya

Wakuu, habari za leo. Nina Subaru Impreza STI, nipo Mbeya. Tairi zake za 225/45R17 zimefika mwisho. Za mbele zimelika bega la ndani hadi nyuzi zinaonekana, kwa hiyo alaimenti (kunyoosha magurudumu yakae sawa) lazima.

Nimekwama kwenye kuchagua. Tairi laini za spidi zinashika lami vizuri sana, lakini zinaisha upesi, na raba ya aina hiyo inakakamaa kwenye baridi. Asubuhi za Juni na Julai za huku mnazijua. Tairi ngumu zinadumu, ila mvua ikikolea njia ya Tukuyu, kwenye zile kona, sitaki gari lianze kuteleza. Nabeba familia humu. Kushusha rimu kutoka inchi 17 hadi 16 nipate ubavu mnene wa kuvumilia matuta haiwezekani, kalipa za Brembo (vishikio vya breki) zinagusa rimu.

Fundi ananiambia nichukue mtumba, mbili tu za mbele. Hapo sikubaliani naye: gari linavuta magurudumu yote manne, tairi zikipishana kimo inayoumia ni difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Na mtumba niliooneshwa una namba 2316 ubavuni, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata (meno ya tairi) bado nene, ila raba imeshaanza kupasuka vijistari.

Mnaoendesha Subaru za turbo huku Nyanda za Juu Kusini, mnafunga tairi gani, na kwenye mvua zinashikaje? Upepo mnajaza kiasi gani mkienda kushuka mlima wa Kitonga?