Pampu ya maji ya mashine ya boti: je, naweza kuifungua mwenyewe?

Mgeni wa Tudor

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimenunua boti ya faiba iliyotumika, ya futi 19, pamoja na mashine yake ya nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, na ninaiegesha upande wa Tudor, hapa Mombasa, karibu na mikoko. Siku za mwanzo mashine ilikuwa ikikojoa vizuri, kama wavuvi wasemavyo, lakini sasa maji yanayotoka katika kile kitundu cha nyuma yamekuwa membamba kama uzi, na nikiongeza mwendo kuelekea Bandari ya Kale husikia harufu ya joto nikalazimika kuzima. Fundi mmoja ameniambia ninunue pampu nzima. Mwingine anasema ni impela tu, lile gurudumu la ndani linalovuta maji. Ninazo spana na bisibisi, ila mguu wa mashine, ile sehemu ya chini inayozama majini na yenye pampu hiyo, sijawahi kuufungua. Je, kazi hii inamfaa mtu asiye fundi, na nianzie wapi?

Mzee wa Mtongwe

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kabla hujanunua chochote, chukua kipande cha mshipi mnene wa nailoni ukipenyeze katika hicho kitundu, kwa sababu mara nyingi pampu huwa nzima na kilichoziba ni chumvi, mchanga au mdudu aliyejenga humo boti ilipokaa nchi kavu. Kisha tazama matundu ya kuingizia maji yaliyo kwenye mguu, yasiwe yamezibwa na mwani wala mfuko wa plastiki. Hapo Tudor, wakati wa bamvua, maji yakitoka huacha tope tupu, na anayewasha mashine mguu ukiwa umegusa chini huinywesha tope hilo, nalo huila impela kama msasa.

Ikiwa njia zote ni wazi na maji bado ni uzi, basi fungua. Toa kwanza waya za plagi, mashine isije ikawaka mkono wako ukiwa kwenye panka, yaani propela. Kumbuka gia ilikuwa mahali gani na usiiguse tena mpaka umalize. Fungua kiungo cha fimbo ya gia, halafu bolti zinazoushika mguu, na ujue kwamba katika baadhi ya mashine kuna bolti moja iliyojificha chini ya kile kipezi kidogo kilicho juu ya panka. Wasiojua hilo huugonga mguu kwa nyundo mpaka ukapasuka, kumbe bado umefungwa. Kipezi hicho ukipige alama kabla ya kukitoa, kwa kuwa kikirudi kikiwa kimepinda, usukani utavuta upande mmoja.

Kazi ngumu si pampu, ni bolti. Bolti ya chuma kisichoshika kutu, ikikaa miaka katika alumini na maji ya chumvi, hushikana nayo kana kwamba imeunganishwa kwa moto. Mwagia oili ya kulegeza kutu, ilale usiku mzima, kisha uifungue kidogo na kuirudisha, mbele na nyuma. Ikikataa, ipashe moto kwa uangalifu, mbali kabisa na tangi la petroli. Ikikatika ndani, hapo mwite fundi, wala si aibu.

Spana 10

Mzee ameeleza vizuri, nami naongeza yanayowaponza wengi baada ya kifuniko cha pampu kutoka. Impela ni gurudumu la mpira lenye mapanga, nalo huzungushwa na shafti kwa msaada wa kabari ndogo ya chuma. Kabari hiyo ni ndogo kuliko punje ya hindi, na ikipotea, impela mpya itakaa tu huku shafti ikizunguka peke yake. Kwa hiyo tandika kitambaa cheupe chini kabla ya kuanza. Katika mashine nyingi, shafti ukiitazama kutoka juu huzunguka kama mishale ya saa. Impela mpya ipake maji ya sabuni, kisha uizungushe upande huohuo huku ukishusha kifuniko chake, ili mapanga yalale kinyume cha mwendo. Mtu asizungushe tena shafti kinyume baada ya hapo, kwa sababu mapanga yatageuka na kuvunjika.

Tazama pia bakuli la chuma ambamo impela huzunguka, na bamba lililo chini yake. Vikiwa na mifereji inayoshika ukucha, impela mpya haitavuta maji ipasavyo, na hapo yule fundi aliyesema ununue pampu nzima atakuwa na haki. Vikiwa laini, nunua impela na gasketi zake tu.

Wakati wa kurudisha mguu, meno ya shafti yapakwe grisi ubavuni, si kwenye ncha ya juu, kwani grisi ikijaa pale huzuia shafti isiingie mpaka mwisho. Hakikisha pia bomba la maji limeingia katika mpira wake. Lisipoingia, utakuwa umefanya kazi ya siku nzima na mashine isitoe hata tone.

Kisha hesabu mapanga ya impela ya zamani. Likikosekana hata moja, kipande chake kiko mahali fulani juu, ama katika bomba ama kwenye themostati, yaani kilango kinachodhibiti joto la mashine.

Mzee wa Mtongwe

Hilo la kuhesabu nililisahau, nalo ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Nami naongeza kwamba usiijaribu mashine nchi kavu bila maji hata kwa sekunde chache, maana impela hupozwa na maji yaleyale inayoyavuta. Itumbukize katika pipa la maji baridi, yapite juu ya matundu ya kuingizia, uiache bila gia. Pipa hilohilo litumie kuisafisha kwa maji matamu kila urudipo baharini, kwa dakika 10 au 15.

Mgeni wa Tudor

Shukrani, wazee wangu. Bolti tatu zilitoka siku ya kwanza, ya nne ikakubali baada ya siku mbili za oili. Kabari ilianguka mchangani kwa sababu kitambaa nilikitandika baada ya kuifungua pampu, ikanibidi nichekeche mchanga kwa chekeche la unga la mke wangu, jambo ambalo bado sijasamehewa. Bakuli lilikuwa laini. Impela ilikuwa na mapanga manne kati ya sita. Kipande kimoja nilikikuta mdomoni mwa bomba, na cha pili kimejikunja chini ya kifuniko cha themostati, karibu kuziba njia yote. Leo asubuhi, katika pipa, mkojo wa mashine umefika ukutani kwa jirani.