Vichwa vya .38 ninavyomimina mwenyewe vinaniachia madini mtutuni, nakosea wapi?

Mtanga_wa_Texas
Habari za saa hizi wakuu. Niko Texas mwaka wa nane sasa, nina rivolva ya .38 Special ya kulenga shabaha tu wikiendi, na kwa bei ya risasi za dukani nikaona bora nijifunze kujitengenezea. Niweke jambo moja sawa kwanza maana Kiswahili chetu kinaita vyote risasi: nikisema madini ni ile risasi inayoyeyushwa, kichwa ni kile kinachoruka, ganda ni lile la shaba linalobaki.
Basi madini nimepata kwa fundi matairi, ndoo nzima ya vile vipande vya wili balansi (vya kusawazishia magurudumu), nikanunua chungu cha umeme na kalibu ya vichwa vya uzito wa grain 158, inayotoa viwili viwili. Shida ni mbili. Vichwa vya mwanzo vinatoka vimejikunja kama uso wa mtu aliyeamka, vinavyofuata vizuri. Ya pili ndiyo inayoniumiza, nikipiga risasi hamsini mtutu ndani unakuwa na vipande vya madini vimeganda, nasugua mpaka mkono unauma na shabaha inatawanyika sana kufikia risasi ya thelathini hivi. Jamaa kule reinji (uwanja wa kulenga shabaha) aliniambia madini yangu ni laini sana niongeze ugumu, nikaongeza, hali ni ile ile. Nayeyushia gereji ndani, mlango naacha wazi. Naombeni msaada wenye uzoefu.

Mzee_wa_Kalibu
Kijana usinunue madini magumu tena, utamaliza hela bure. Kujikunja ni kalibu baridi tu, iegemeze kona yake juu ya chungu ipate moto kabla hujamimina na vile vya mwanzo kumi, kumi na tano rudisha chunguni bila kuvihurumia. Vikianza kutoka vyeupe vyeupe kama vimepigwa na umande ujue sasa imezidi moto, punguza mwendo.
La mtutu nijibu maswali mawili kabla sijakwambia kitu. Madini yanaganda wapi, mwanzoni karibu na silinda au mwishoni kule risasi inakotokea? Na vichwa vyako vina upana gani, umepima kwa mikromita au umesoma tu kwenye boksi la kalibu?

Mtanga_wa_Texas
Shkamoo mzee wangu. Yanaganda mwanzoni, inchi moja na nusu za kwanza baada ya silinda, mwishoni pasafi kabisa. Kalibu imeandikwa inchi 0.358 ila nikishamimina navipitisha kwenye saiza (kifaa cha kuvibana vifikie kipimo) ya 0.357, si ndiyo kipimo cha .38?

Mzee_wa_Kalibu
Marahaba. Hapo hapo ndipo ulipokosea na usijilaumu, wengi tunapitia hapo. 0.357 ni kipimo cha vichwa vilivyovikwa shaba vya kiwandani. Kichwa cha madini matupu kinatakiwa kizidi kidogo, kawaida 0.358, kwa sababu lazima kizibe. Kikiwa chembamba moto wa baruti unapita pembeni yake kabla hakijashika mifereji ya mtutu, unayalamba madini ubavuni na kuyapaka ukutani, ndio maana yako yanaganda mwanzoni. Yangekuwa yanaganda mwishoni ningekwambia grisi unayopaka kichwa imeisha njiani. Na ugumu ndio ulikuwa unakuzidishia, kichwa kigumu chembamba hakivimbi kikasukumwa na presha ya .38 ambayo ni ndogo, kinabaki hivyo hivyo chembamba moto unapita. Kwa .38 ya kulengea, madini ya wili balansi na bati kidogo asilimia 2 tu yanatosha sana, na hiyo bati kazi yake ni kufanya madini yajaze kona za kalibu vizuri, wala si ugumu.
Fanya hivi leo. Hakikisha bastola haina kitu, toa silinda nje, chukua kichwa kitupu (kichwa peke yake, sio risasi nzima) kisukume kwa kidole kwenye tundu la mbele la kila chumba, vyote sita. Kinatakiwa kipite kwa kusukumwa, kikidumbukia chenyewe tu basi ni chembamba.
Kusafisha tumia ile waya ya shaba ya kusugulia masufuria, kata kipande zungushia brashi ya zamani, dakika tano madini yanatoka kama magamba ya samaki. Ila ipime na sumaku kwanza, nyingi ni chuma kimepakwa rangi ya shaba na itachuna mtutu. Na usidanganyike na ile dawa ya siki na haidrojeni peroksaidi wanayoielekeza mitandaoni, inayeyusha madini kweli lakini inakuachia maji yenye sumu ya risasi inayopenya haraka mwilini.

fundi_bati_MN
Naongezea kwenye hiyo ndoo yako ya fundi matairi. Siku hizi sio zote madini ya risasi, majimbo kama California na Washington yalishapiga marufuku risasi kwenye matairi kwa hiyo mle ndani kuna chuma na zinki nyingi. Zilizoandikwa Zn (zinki) au Fe (chuma) tupa pembeni, ambazo hazina maandishi minya na koleo, ya risasi inabonyea ya zinki inagoma. Halafu tumia kipimajoto, risasi inayeyuka nyuzi 327 za Selsiasi na zinki ni 420, ukikaa kwenye 360 hivi zinki iliyokupita machoni inaelea juu mzima mzima unaiokota na kijiko. Ukiwasha moto wa kukomoa ikayeyuka humo ndani chungu chote kinakuwa kama uji wa shayiri na kalibu haijai tena.
Na kavu, kavu, kavu. Mimi niliweka vipande vilivyolala kwenye ndoo nje usiku wa mvua, kimoja kilikuwa na unyevu chini ya ile klipu yake, kilipozama maji yakageuka mvuke mara moja na madini yakaruka mpaka darini. Nilikuwa na miwani na mikono mirefu nikapata kovu moja tu shingoni, la ukubwa wa punje ya mchele, hadi leo lipo. Anza na chungu baridi, weka vipande vyote ndipo uwashe, usiongezee kwenye madini ya moto.

Nesi_Ohio
Kaka Mtanga hapo uliposema gereji ndani nimeshtuka. Una watoto? Na mashine ya kufulia iko humo humo?

Mtanga_wa_Texas
Ndio dada, wawili, miaka 5 na miaka 2. Na mashine iko humo.

Nesi_Ohio
Basi nisikilize kama dada yako. Watu wanaogopa moshi, lakini kwa joto mnalotumia nyie hatari kubwa ni vumbi. Ule uchafu wa kijivu unaoukwangua juu ya chungu ni unga wa risasi, unakaa sakafuni, unapanda kwenye viatu, unaingia kwenye zulia, na huyo wa miaka 2 kila kitu anapeleka mdomoni. Kwa watoto hakuna kiwango salama, hapa Marekani CDC (kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa) tangu 2021 wanataka mtoto aangaliwe akifika mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu, na risasi inagusa ubongo unaokua, hairudi nyuma. Hamishia kazi yote nje kwenye banda, uchafu funga kwenye kopo lenye kifuniko, sakafu ya gereji pangusa na kitambaa chenye maji usifagie kavu, viatu na nguo za kazi zisiingie ndani na zifuliwe peke yake, usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni. Wapeleke wote wawili wakapimwe wiki hii na wewe upimwe pia.

Mzee_wa_Kalibu
Sikiliza nesi. Na ukifika kwenye kujaza baruti: ganda la .38 ni kubwa kuliko baruti inayowekwa, kwa hiyo ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya halimwagiki likakushtua. Yapange hamsini kwenye kibao, chukua tochi, chungulia moja moja kabla hujaweka kichwa hata kimoja. Kipimo cha baruti soma kwenye kitabu cha watengeneza baruti, sio kwa mtu mtandaoni, mimi nikiwemo. Na siku ukipiga ikatoa mlio mdogo wa "pufu" simama, weka chini, kichwa kinaweza kuwa kimebaki mtutuni.

Ngarenaro_Boy
Wakuu, hii naweza kufanya huku Arusha? Bastola yangu ina kibali.

fundi_bati_MN
Hapana mkuu. Kibali cha kumiliki hakikupi ruhusa ya kutengeneza, Tanzania kuna sheria ya silaha ya 2015 na Kenya ni Sura ya 114, ukikutwa na kalibu na baruti ni kesi nzito. Nunua kwa mwenye leseni.

Mtanga_wa_Texas
Nimerudi wakuu. Vichwa vya 0.357 vimedumbukia vyenyewe vyumba vyote sita, nimesimama nacho kimoja mkononi nimeduwaa. Nikachukua ambavyo havijapita saiza, vinapita kwa kusukumwa na kidole gumba kama mzee alivyosema. Jumamosi nimepiga hamsini, nimetoa brashi imetoka na masizi tu, na mduara wangu wa yadi 15 umerudi kuwa wa kiganja. Chungu nimeshatoa, kiko chini ya mti nyuma ya nyumba, gereji tumepangusa na mke wangu mara tatu. Watoto wametolewa damu jana asubuhi, majibu Alhamisi, nitawaambia.